Mdogo wangu kakaa kituoni siku tano, wananiambia katiba ni ya wasomi. Hizi haki zilitoka wapi na zinatusaidia nini?

Swali nimeletewa na dada mmoja wa Morogoro, nalifupisha kidogo: "Kaka wakili, shikamoo. Mdogo wangu anaendesha bodaboda, alikamatwa Jumanne wakidai pikipiki aliyokuwa nayo ni ya wizi. Kakaa ndani mpaka Jumamosi, hakupelekwa mahakamani, dhamana tunazungushwa tu. Nikamwambia askari wa zamu kwamba katiba inampa mtu uhuru wake, akanijibu katiba ni ya wasomi, hapa tunafuata sheria. Dogo ashatoka ila hilo neno halinitoki. Kwani hizi haki za kwenye katiba zilitoka wapi, na zina kazi gani kama sheria nyingine inaweza ikazipita?"

Marahaba dada yangu, na pole sana, mpe pole na dogo. Swali lako nalijibu kwa urefu maana limebeba mambo mawili, historia na hilo la sheria "kuipita" katiba, na la pili hulielewi vizuri mpaka ulijue la kwanza.

Kuna kipindi kirefu tu nchi hii yule askari angekuwa sahihi. Yaani ungetafuta haki zako kwenye katiba usizione, hazimo. Tanganyika ilipata uhuru Disemba 1961 ikiwa na katiba isiyo na sura ya haki za binadamu. Wenzetu walikuwa nazo, Uganda 1962 walikuwa nayo, Kenya 1963 walikuwa nayo, Zanzibar wakati wa uhuru wa 1963 nayo ilikuwa nayo. Waingereza walishaanza kuziweka kwenye katiba za makoloni yanayopata uhuru, walianzia Nigeria, wakichota maneno kwenye mkataba wa haki za binadamu wa Ulaya. Sisi tulikataa. Viongozi wa TANU wakiongozwa na Mwalimu Nyerere walikuwa na hoja zao na mi naona ni haki uzisikie kabla ya kulaumu. Majaji karibu wote wakati ule walikuwa wazungu, sasa serikali changa ya waafrika ipitishe sheria ya kugawa ardhi au kufuta ubaguzi halafu jaji mzungu aifute kwa kutumia katiba, hiyo ingeleta mgongano mkubwa, na waliosema hivyo hawakuwa wajinga. Hoja nyingine ilikuwa maendeleo, kwamba nchi masikini inataka kwenda haraka na haki za mtu mmoja mmoja zitaifunga miguu.

Sasa angalia kilichofuata. Mwaka 1962, uhuru hata mwaka haujaisha vizuri, ikapitishwa Sheria ya Kuwaweka Watu Kizuizini. Rais akiona fulani ni hatari kwa usalama wa nchi anasaini karatasi, mtu anaingia ndani bila mashtaka, na sheria yenyewe ikasema amri hiyo isihojiwe na mahakama yoyote. Kulikuwa pia na sheria ya kuhamisha watu, ya tangu mkoloni, mwaka 1921, unatolewa mkoa mmoja unatupwa mwingine. Hiyo hatukuitunga sisi, tuliirithi tukaendelea nayo kama vile mtu anavyohamia nyumba na kukuta pingu ukutani akaamua kuziacha hapo hapo. Mwaka 1964 Rais aliunda tume ya kuangalia mfumo wa chama kimoja, swali la haki likarudi mezani likakataliwa tena, badala yake tukapata Tume ya Kudumu ya Uchunguzi mwaka 1966, ya kwanza ya aina yake Afrika, ya kusikiliza malalamiko ya wananchi dhidi ya watumishi wa serikali. Ilifanya kazi, siibezi. Ila ilikuwa inachunguza na kumpelekea Rais ripoti, kumtoa mtu mahabusu haikuwa na uwezo.

Katiba ya muda ya 1965 na hii ya 1977 tunayoitumia mpaka leo zikaja na maneno mazuri kuhusu utu na usawa, lakini yalikaa kwenye utangulizi. Na utangulizi haushitakiki. Huwezi kwenda mahakamani ukasema nimevunjiwa utangulizi. Miaka ya 70 watu walihamishwa kwa nguvu kwenda vijiji vya ujamaa, wengine nyumba zao zikachomwa moto ili wasirudi, na mtu aliyepoteza shamba lake hakuwa na mstari hata mmoja wa katiba wa kumwonyesha jaji.

Mabadiliko yalikuja 1984. Mwaka mmoja kabla, chama kilifungua mjadala wa kurekebisha katiba na watu wakaongea kuliko walivyotarajiwa, wanasheria wa bara walidai haki ziingie, na Wazanzibari walizidai kwa nguvu sana, nadhani kwa sababu waliyoyaona baada ya 1964 yalikuwa bado mabichi vichwani. Zanzibar wakaziweka kwenye katiba yao ya 1984, na huku Muungano yakaja Marekebisho ya Tano. Ndo hizo Ibara za 12 mpaka 24 unazozisikia, usawa, kuishi, uhuru wa mtu binafsi, faragha, kwenda unakotaka, maoni, dini, kukusanyika, kufanya kazi, kumiliki mali. Zimefuatiwa na wajibu, 25 mpaka 28, maana falsafa ya wakati ule ilikuwa haki na wajibu viende pamoja.

Halafu sikiliza hii, dada, maana wengi hawaijui. Zilianza kutumika Machi 1985, lakini serikali ikaweka kifungu kwenye sheria nyingine ya mwaka huo huo wa 1984 kwamba kwa miaka mitatu hakuna ruhusa ya kuzidai mahakamani! Sababu iliyotolewa ni kwamba serikali ipate muda wa kusafisha sheria zake mbovu. Miaka mitatu ikaisha Machi 1988 na sheria ziko vile vile, na mwaka 1991 ilipoundwa Tume ya Jaji Nyalali kuangalia mfumo wa vyama vingi ikakuta bado kuna sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, ile ya 1962 ya kizuizini ikiwemo.

Kwa hiyo ukiniuliza haki hizi zilianza lini kwa mwananchi wa kawaida nitakwambia zilianza 1988, watu walipoanza kuzibeba wenyewe kwenda mahakamani. Na wa mwanzo mwanzo hawakuwa wasomi. Ngoja nikupe mmoja kwa kirefu, kesi ya Ephraim dhidi ya Pastory, iliyoamuliwa Mahakama Kuu Mwanza Februari 1990.

Kuna mama mmoja wa Muleba, mzee, hana wa kumtunza. Baba yake alimwachia shamba la ukoo kwa wosia halali kabisa. Agosti 1988 akaliuza kwa shilingi laki tatu apate kujitunza, na aliyenunua si wa ukoo ule. Mtoto wa kaka yake akakimbilia Mahakama ya Mwanzo akasema mauzo ni batili kwa sababu kwa mila ya Kihaya, iliyokuwa imeandikwa kabisa kwenye tangazo la serikali la 1963, mwanamke anaweza kulitumia shamba la ukoo maisha yake yote lakini kuliuza haruhusiwi. Mwanaume je? Mwanaume anaruhusiwa. Mahakama ya Mwanzo ikamwambia mama rudisha hela. Mahakama ya Wilaya ikasema hapana, mambo yamebadilika, wanawake na wanaume sasa ni sawa. Yule mtoto wa kaka akapanda Mahakama Kuu akakutana na Jaji Mwalusanya.

Jaji akafungua Ibara ya 13 inayokataza ubaguzi, akaiweka mbele ya ile mila, na akasema kuanzia sasa mwanamke anayeuza shamba la ukoo na mwanaume anayeuza shamba la ukoo watapimwa kwa kipimo kimoja. Maana yake mauzo ni halali, na kama ukoo unalitaka shamba lao basi walikomboe kwa kulipa zile laki tatu, kama ambavyo wangefanya angekuwa ameuza mwanaume. Basi. Mi kila nikiisoma hukumu hii nasimama hapo kwenye laki tatu, maana mila yenyewe haikufutwa, ukoo haukudharauliwa, kilichotoka ni ule upande mmoja wa mila uliokuwa unambana mama peke yake. Na silaha iliyotumika ni kifungu ambacho miaka miwili tu nyuma kilikuwa hakigusiki mahakamani.

Mwingine ni mzee Akonaay na mwanae, wakulima wa huku Arusha, walipoteza ardhi yao ya kimila kwenye ile operesheni ya vijiji. Januari 1987 wakafungua kesi, wakashinda, wakarudi shambani. Serikali kuona kesi za aina hiyo ni nyingi ikapitisha sheria 1992 iliyofuta haki zote hizo za kimila na ikakataza mahakama hata kuzisikiliza. Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Nyalali, Disemba 1994, ikasema haki ya mtu kwenye ardhi yake ya kimila ni mali, inalindwa na Ibara ya 24, huwezi kumnyang'anya bila fidia ya haki. Na ikaenda mbele ikasema hata kama hajajenga kitu juu yake, jasho lake kwenye ile ardhi lina thamani. Leo hii mtu wa kijijini akidai fidia barabara ikipita shambani kwake anakanyaga alipokanyaga yule mzee.

Sasa nirudi kwenye kile kilichokuuma, kwamba "hapa tunafuata sheria". Askari aliongea kitu ambacho kina ukweli nusu. Ibara ya 15 ya katiba yetu inasema ni marufuku mtu kukamatwa au kufungiwa isipokuwa kwa kufuata utaratibu uliowekwa na sheria. Umeona huo mkia? Mkia huo uko karibu kila ibara, na Ibara ya 30 nayo inasema haki za mtu zinaweza kuwekewa mipaka kwa ajili ya usalama, afya ya jamii, maslahi ya umma na kadhalika. Mtu akisoma juu juu anaona kama katiba imekupa kwa mkono wa kulia ikakunyang'anya kwa wa kushoto.

Mahakama iliona hiyo hatari mapema. Mwaka 1991, kwenye kesi ya Daudi Pete, Rufani ilikuwa inaangalia kifungu kilichomnyima mtu dhamana kwa kosa la unyang'anyi wa kutumia nguvu, hakuna kujitetea, hakuna hakimu kupima chochote. Kikafutwa. Mwaka 1993 kwenye kesi ya ole Pumbun dhidi ya serikali, ambapo mwananchi alitakiwa apate kibali cha serikali ndo aishitaki serikali hiyo hiyo (fikiria mwenyewe), kikafutwa pia, na hapo Rufani ikaweka kipimo ambacho mawakili wote tunakijua kwa moyo. Sheria inayobana haki lazima ipite sehemu mbili. Kwanza isiwe ya kiholela, iwe na breki ndani yake zinazomzuia mwenye mamlaka kuitumia anavyojisikia. Pili ibane kwa kiasi kinachohitajika tu kwa lengo lake, isitupe nyavu pana ikavua na wasiohusika.

Hapo ndipo ninapotaka unielewe zaidi ya popote. Kabla ya 1988 aliyetakiwa kujieleza ni wewe, kwa nini unataka kuwa huru. Baada ya hapo anayetakiwa kujieleza ni anayekubana, kwa nini anakubana, kwa sheria ipi, na kwa nini kwa kiasi hicho. Hiyo ndo kazi ya katiba kwenye maisha ya dogo wako. Mlango wa mahabusu haifungui kwa maandishi yake, ila inamfanya aliyeufunga adaiwe sababu, na asipokuwa na sababu ya kisheria basi yeye ndo mvunja sheria hata kama kavaa sare.

Tena hiyo sheria aliyokuwa anaitaja haimpi anachodhani. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inasema muda wa kawaida wa kumhoji mtuhumiwa ni masaa manne, unaweza kuongezwa kwa utaratibu wake, hadi masaa nane mengine. Na mtu aliyekamatwa bila hati, kama haitawezekana kumfikisha mahakamani ndani ya masaa 24, mkuu wa kituo anatakiwa alichunguze shauri lake na amwachie kwa dhamana isipokuwa kosa lionekane kubwa kweli, na hata huyo wa kosa kubwa apelekwe mahakamani mapema iwezekanavyo. Kukutwa na mali inayodhaniwa ya wizi ni kosa lenye dhamana. Jumanne mpaka Jumamosi hakuna kifungu kinachobeba hizo siku kwa kesi kama ile, kwa hiyo kwa maneno yake mwenyewe hakuwa anafuata sheria.

Wenzetu Kenya walilifunga hili vizuri zaidi. Katiba yao ya 2010, Ibara ya 49, imeandika masaa 24 ndani ya katiba yenyewe, Bunge haliwezi kuamka asubuhi likayabadilisha kwa kura za kawaida. Na wao walijifunza kwa maumivu, walikuwa na sura ya haki tangu 1963 lakini mwaka 1989 mahakama zao zikasema haiwezi kutumika eti kwa sababu Jaji Mkuu hakuwahi kutunga kanuni za kufungulia hizo kesi, wakati huo huo watu wanateswa Nyayo House, jengo la serikali pale Nairobi. Kwa hiyo usidhani kuandika tu kunatosha, kwao ilikuwa imeandikwa tangu siku ya kwanza.

Na huku kwetu nisikudanganye, kila mlango uliofunguliwa kuna mtu kaja kuusukuma urudi. Kibali cha kuishitaki serikali kilipofutwa ikaletwa notisi ya siku 90, ipo mpaka leo. Oktoba 1994 Jaji Lugakingira aliamua kwenye kesi ya Mchungaji Mtikila, mwanasiasa wa upinzani, mambo mawili makubwa, kwamba mikutano ya hadhara haihitaji kibali bali taarifa polisi, ndo hiyo taarifa ya masaa 48, na kwamba mtu ana haki ya kugombea bila chama. Hilo la pili serikali ikawahi kubadilisha katiba kabla rufaa haijafika popote, mwaka 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema tena haki ipo, 2010 Rufani ikasema hilo ni la kisiasa liende bungeni, 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyopo hapa hapa Arusha ikasema Tanzania inakiuka haki. Na mgombea binafsi bado hayupo. La kwanza nalo, la mikutano, hukumu ipo na sheria ipo lakini 2016 ikatoka kauli tu kuzuia mikutano ya vyama na ikazuiliwa kweli mpaka Januari 2023. Miaka sita na nusu, kwa mdomo! Hapo inaniuma maana kauli si utaratibu uliowekwa na sheria, ule mkia wa kwenye ibara haukufuatwa hata wenyewe.

Kuna na hili la 2020 ambalo mi binafsi niliona ni kurudi nyuma. Ibara ya 26 inampa kila mtu haki ya kwenda mahakamani kuilinda katiba, kila mtu, na ndiyo njia iliyotumika kwenye kesi ya umri wa ndoa, ile ya 2016 iliyosema vifungu vinavyoruhusu binti wa miaka 14 na 15 kuolewa vinakiuka katiba, serikali ikakata rufaa ikashindwa tena 2019. Sheria ikabadilishwa 2020 kwamba anayefungua kesi ya haki aape na aonyeshe yeye mwenyewe kaathirika vipi. Sasa binti wa miaka 14 aliyeko kijijini ndani ya ndoa angeapa kwa nani na nauli ya kwenda Mahakama Kuu angepewa na nani?

Nyinyi hata kwa kigezo hicho mngevuka, mdogo wako kaathirika mwenyewe. Kwa hiyo nikwambie cha kufanya. Kaa na dogo leo, msisubiri wiki ijayo maana kumbukumbu inachuja, muandike siku na saa aliyokamatwa, nani alikuwepo, saa aliyohojiwa, nani alimhoji, mlienda kuomba dhamana mara ngapi na mlijibiwa nini, siku na saa aliyotoka. Kama kuna aliyewaambia hela ya dhamana andika na hiyo, dhamana ya polisi ni bure, haina risiti wala haina bei. Muulize kama alisaini maelezo yoyote na kama alisomewa kabla ya kusaini. Andikieni barua kwa kamanda wa polisi wa mkoa, nakala ipelekwe Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, hii ndo iliyochukua nafasi ya ile ya 1966, kulalamika kwao hakuna gharama. Wasaidizi wa kisheria wapo kwenye wilaya nyingi tangu ile sheria ya msaada wa kisheria ya 2017, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii hapo ulipo, watawasaidia kuiandika bila malipo.

Na ikitokea tena, Mungu apishe mbali, kwa yeyote unayemjua, saa 24 zikipita usibaki kubishana na askari wa zamu kaunta. Mwombe aonane na wewe mkuu wa kituo, muulize kwa upole kabisa mambo matatu, kosa ni lipi, anapelekwa mahakama gani, lini. Ukikosa majibu kuna maombi yanafunguliwa Mahakama Kuu ya kuamuru mtu aliyefungiwa aletwe mbele ya jaji na anayemshikilia aeleze kwa nini, wakili yeyote anayajua na huwa yanapewa kipaumbele. Mara nyingi nimeona mtu anaachiwa siku ile ile karatasi za maombi zinapofika kituoni, kabla jaji hajazigusa, maana hakuna anayependa kusimama kizimbani kueleza siku tano alizishikilia kwa kifungu kipi.